Kakakuona Aliyelalia Mguu wa Kalunde

"Niwashe?"

Mbona kimya? Labda masikio yenu bado yamejaa ugali. Nauliza tena.

"Niwashe?"

"Mjomba," akasema binti mmoja kwa adabu, "umekalia karanga."

Nikainuka. Kweli bwana! Ungo mzima wa karanga, zimetoka kukaangwa sasa hivi, Bi Nyanzobe mwenye nyumba kaziweka juu ya kigoda zipoe. Na mimi, mtu niliyelala ugenini toka Ujiji hadi Lamu, niliyekula na watu ambao hata salamu yao siijui, nikazikalia kwa heshima zote. Tena nilikuwa najisemea moyoni: nyumba hii ina ukarimu, hata kigoda wanampashia mgeni moto!

"Zilizopondeka atazila mwenyewe," akasema Bi Nyanzobe, wala hakuinua macho kutoka kwenye maharage aliyokuwa akipukuchua.

Haya, nitazila. Nimekula vibaya kuliko hivyo. Tuanze upya, na safari hii nitasimama.

"Niwashe?"

"Washa!"

"Nikoleze?"

"Koleza!"

"Na moshi ukiwaingia machoni?"

"Tutafumba macho, masikio tutayaacha wazi!"

Ndiyo hivyo. Sikilizeni.

Hapo kale, kale ya kale, mwezi ulipokuwa bado unashuka kisimani kunywa maji na fisi hajajifunza kucheka, palikuwa na mwanamke mfinyanzi, jina lake Kalunde. Aliishi katika nchi ya Isenga, nchi ya msitu na nyuki, ambayo watu wake hulima mtama na kurina asali. Vyungu vya Kalunde vilipikia nchi nzima. Yeye mwenyewe, si mnajua, mfinyanzi hulia gaeni, na Kalunde alilia gaeni kwelikweli.

Mumewe alikuwa amekwisha kufa. Watoto wake walikuwa wameoa na kuolewa mbali. Asubuhi alikanda udongo, mchana alifinyanga, jioni alikaa mlangoni akitazama vyungu vikikauka. Asubuhi udongo, mchana udongo, jioni udongo. Siku moja alikisalimu chungu, na kilipokosa kujibu akakinunia mpaka jua likachwa.

Basi kiangazi kikaja. Mtemi wa nchi ile, Mtemi Ngelela, akaagiza pori lichomwe ili nyasi mpya ziote, kama walivyofanya baba zake. Pori likachomwa. Moto ukala nyasi, ukala vichaka, ukala na vilivyokuwamo.

Moto ulipozimika, Kalunde alichukua jembe na kikapu akaenda shimoni kuchimba udongo. Njiani, katikati ya majivu, akaona kitu cha mviringo, cheusi, kimetulia.

"Nani huyu kasahau chungu porini?" akajiuliza.

Akainama. Akakigonga kwa kidole, ngo, ngo, ngo, kama afanyavyo mfinyanzi anaposikiliza kama chungu kina ufa.

Sauti ndogo ikatoka ndani: "Polepole. Mama amelala."

Kalunde akakaa chini palepale kwenye majivu. Hakikuwa chungu. Alikuwa kakakuona, yule mnyama wa magamba, ambaye akiogopa hujikunja akawa kama mpira. Moto ulipomfikia alijikunja, mwanawe akamweka katikati. Magamba yalikuwa yameungua. Tumbo halikupanda wala halikushuka.

Kalunde alitaka kusema, "Mama yako hajalala." Ulimi ukakataa. Akasema, "Basi tumwache apumzike. Wewe njoo huku."

Akamkunjua mama taratibu, mkono kwa mkono, akamtoa mtoto. Mdogo, mweupemweupe, magamba laini kama kucha za mtoto mchanga, na mguu mmoja wa nyuma umebabuka. Kisha akashika jembe akamfukia mama mahali hapo, akasawazisha majivu juu yake, pasijulikane.

Mnauliza kwa nini pasijulikane? Ngojeni niwaambie, maana nyinyi hamkukulia Isenga.

Huko Isenga kakakuona alikuwa mnyama wa mtemi. Haonekani mara kwa mara, na akionekana hupigiwa vigelegele akabebwa mpaka uwanja wa mtemi. Hapo huwekewa vitu vitatu mbele yake: mtama, maji na mkuki. Akiuendea mtama, mwaka utakuwa wa shibe. Akiyaendea maji, mwaka utakuwa wa mvua. Akiuendea mkuki, watu wakanoe visu. Akishaagua, shukrani yake ni kuchinjwa. Magamba yake hupewa Lutonja, mganga wa mtemi, ayachome ili moshi wake ukaite mvua. Na mtu anayemficha kakakuona huvunjiwa nyumba akafukuzwa nchini.

Kalunde aliyajua yote hayo. "Nitamweka mpaka mguu upone," akajiambia. "Mguu tu."

Akamfunika kwenye kikapu, akaweka udongo juu kidogo, akaenda naye nyumbani. Akamwita Gamba.

Sasa kazi ikaanza. Kalunde akaleta maziwa ya mbuzi. Gamba akayanusa.

"Mimi si mbuzi."

Akaleta uji wa mtama. Gamba akaunusa.

"Mimi si mzee."

Akaleta yai la kanga. Gamba hakulinusa hata.

"Mimi si nyoka."

"Haya, wewe ni nani basi?" Kalunde akafoka. "Maana mwenye njaa hachagui!"

Gamba akajikunja. Kalunde akaona aibu kumfokea yatima. Akaenda kuleta asali, akampaka kwenye mguu uliobabuka, maana asali ndiyo dawa ya moto. Muda mfupi tu, asali ikaleta wageni. Sisimizi! Mstari mrefu, kutoka mlangoni mpaka mguuni. Kalunde akanyakua ufagio.

"Mama wa udongo, usiwafukuze!" Gamba akapiga kelele. Ulimi ukachomoka, mrefu kuliko yeye mwenyewe, lapu, lapu, lapu, na mstari wote ukaisha. Akajilamba pua. "Hiki ndicho chakula. Kipo kingine?"

Lo! Kalunde alitafuta chakula jikoni, kumbe kilikuwa kinatembea sakafuni.

Basi Kalunde, akidhani yeye ni mjanja, akaenda kwenye kichuguu akajaza chungu kizima cha mchwa, akakileta nyumbani. Kesho yake mchwa walikuwa wametoka, wamekula mkeka. Akaelewa: chakula hiki hakihifadhiwi, hufuatwa. Kila jioni jua likianza kulegea ilimbidi atoke na Gamba, avunje vichuguu kwa jembe, asubiri mtoto ale.

Siku ya kwanza Gamba alimzunguka mara tatu.

"Unatafuta nini?"

"Mkia wako. Watoto wetu hupanda kwenye mkia wa mama."

"Sisi hatuna mikia."

"Mliipeleka wapi?"

Mimi mwenyewe nimetembea nchi nyingi, jibu sijalipata. Kalunde akaachia pindo la nguo yake liburute nyuma, Gamba akalidaka kwa kucha akaning'inia. Wakaenda hivyo, mama anavuta, mtoto anaimba:

*Mama wa udongo, nitembeze,*
*Mchwa wameamka, nitembeze,*
*Mguu wangu unauma, nitembeze.*

Jioni ya leo wakaenda. Jioni ya kesho wakaenda. Jioni ya keshokutwa wakaenda.

Sasa msidhani kumtunza mwana wa pori ni asali tupu. Gamba alichimba sakafu. Alikojoa kwenye udongo uliokwisha kukandwa. Alipanda kwenye vyungu vibichi akaviachia alama za kucha, na wanawake wa Isenga wakadhani ni urembo mpya, wakataka vingine kama hivyo. Akinyimwa alichotaka alijikunja, na kakakuona akishajikunja, mbembeleze utakavyo, utajibembeleza mwenyewe.

Lakini Kalunde alipokaa kufinyanga, Gamba alikuja, kwaru, kwaru, kwaru, magamba yakikwaruza sakafu, akajizungusha juu ya mguu wake wa kushoto akalala. Alikuwa mzito, tena wa moto. Kalunde hakuweza tena kuinuka kila mara kuchungulia njia kama kuna mtu anakuja. Akakaa. Akalainisha chungu chake taratibu mpaka mwisho wake. Mguu ulikufa ganzi, naye hakuusogeza.

Akaanza kusikia njaa, maana mtu akitembea jioni hurudi akitaka kula. Akajua mti ambao ndege kwembe hulala, na mahali ambapo digidigi huvuka. Akajua kwamba jua la Isenga halichwi namna moja kila siku. Alikuwa ameligeuzia mgongo miaka yote akitazama vyungu. Na asubuhi, kabla hajafumbua macho, alisikia kwaru, kwaru, akajua kuna mtu humu ndani anayengoja aamke.

Hayo tu. Hapakuwa na pete ya ajabu, wala mfuko usiokwisha nafaka. Mnaongoja pete mlale, nitawaamsha.

Basi Kalunde alikuwa na jirani, Ngolo, mwanamke mwema mwenye sauti ya kuangusha maembe mabichi. Ngolo akaja mara ya kwanza kuomba kaa la moto.

"Dada Kalunde, siku hizi jioni hukai mlangoni. Unakwenda wapi?"

"Natafuta udongo."

"Jioni?"

"Udongo wa jioni ni laini."

Ngolo akaenda zake. Akaja mara ya pili.

"Dada Kalunde, asali yako inaisha upesi. Unakula na nani?"

"Nakula na uzee."

"Uzee wako una meno mazuri, mwenzangu."

Ngolo akaenda zake. Akaja mara ya tatu, na mara ya tatu hakubisha hodi. Akamkuta Kalunde anafinyanga, na juu ya mguu wake kitu cha magamba kinakoroma.

"Ngolo," Kalunde akanong'ona, "nakuomba..."

Lakini Ngolo alikuwa amelelewa Isenga. Tangu utotoni aliambiwa kwamba kumwona kakakuona ni baraka, na baraka haifichwi. Hakuwa na ubaya hata chembe. Alimpenda jirani yake, akafurahi kwa ajili yake, akafungua kinywa. Vigelegele! Vilivuka ua, vikavuka mashamba ya mtama, vikafika kwa mtemi kabla mwenyewe hajavuta pumzi ya pili.

"Ngolo, umeniua," akasema Kalunde.

"Mimi? Nimefanya nini?"

Watu walikuwa wamekwisha kujaa mlangoni.

Mwaka ule mvua ilikuwa imechelewa. Watu walikuwa wanatazama juu mpaka shingo zinauma. Kwa hiyo kakakuona alipobebwa uwanjani, hakubaki mtu nyumbani. Mtemi Ngelela akakaa kwenye ngozi yake. Lutonja mganga akapanga mtama, maji na mkuki. Kalunde akasimama mbele, karibu na mnyama, kwa sababu hakuna aliyeweza kumbandua Gamba kwenye pindo la nguo yake mpaka alipombandua mwenyewe.

"Nchi inauliza," akasema Lutonja. "Mnyama ajibu!"

Gamba akatazama mtama, akaupita. Akatazama maji, akayapita. Akatazama mkuki, akauruka. Akaenda kwaru, kwaru, kwaru mpaka kwenye mguu wa kushoto wa Kalunde, akajikunja juu yake akalala.

Watu wakatazamana.

"Hajasikia vizuri," akasema Lutonja. "Mwanamke, rudi nyuma kule kwa wenzako."

Kalunde akarudi nyuma ya wanawake wote. Gamba akarudishwa katikati. Akaupita mtama, akayapita maji, akauruka mkuki, akapenya kati ya miguu ya watu, huku wanawake wanarukaruka, mpaka akaufikia mguu ule ule. Akalala.

"Mtoeni nje ya ua!"

Kalunde akatolewa nje ya ua wa mtemi. Mara ya tatu Gamba akaupita mtama, akayapita maji, akauruka mkuki, akapanda juu ya ngozi ya mtemi, akavuka magoti ya mtemi mwenyewe, akashuka upande wa pili, akatoka langoni. Mtemi na watu wake walipomfuata walimkuta amelala mguuni.

Hapo mzee mmoja akashika kichwa. "Jamani! Hataki mtama, hataki maji, hataki mkuki. Anaonyesha mguu. Mguu ni safari. Nchi itahama!"

"Nchi itahama!" wakaitikia.

Ehe! Neno likishapata miguu, nani atalikamata? Watu wakakimbilia makwao kufunga mizigo. Mmoja alibeba kinu akasahau mchi. Mwingine alifungua mbuzi wote akamfunga mkwewe. Wanawake wakawa wanalia, maana kuna waliokuwa na wagonjwa, na kuna waliokuwa na makaburi wasiyotaka kuyaacha. Njaa hawakuwa wameiona bado, lakini walikuwa wanaikimbia.

Lutonja akachomoa kisu. "Mtemi, ishara mbaya hufutwa kwa magamba. Nikiyachoma sasa, nchi itabaki. Nipe ruhusa."

Mtemi Ngelela akamtazama Kalunde. Kalunde akatazama mguu wake.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema, "Ndiyo, mimi ni mganga mkubwa, mnyama huyu ananitii, msimguse." Wangemwogopa, pengine wangempigia magoti. Na wangehama kweli, na wagonjwa wao mgongoni. Angeweza pia kumwacha Lutonja afanye kazi yake, akarudi nyumbani kwake akasalimie vyungu.

Akapiga magoti polepole, asimwamshe aliyelala.

"Mtemi, msihame. Huu ni mguu wangu tu. Huyu hulala hapa."

"Tangu lini?"

"Tangu moto."

Waliokuwa wakifunga mizigo wakarudi kusikiliza. Hata yule mkwe aliyefungwa kamba akaacha kelele zake.

"Mmesikia?" akasema Lutonja. "Amemficha mnyama wa mtemi kiangazi kizima!"

"Unaijua adhabu yake?" Mtemi akauliza.

"Naijua, Mtemi. Nyumba vunjeni. Nitafinyanga popote penye udongo. Lakini mguu wa huyu haujapona sawasawa. Mkimchinja leo, nitakuwa nilimpaka asali bure."

Kelele zikamwamsha Gamba. Akajikunjua, akapiga miayo, ulimi ukatoka wote ukarudi wote.

Mtemi akainama. "Wewe mnyama. Kwa nini umekataa mtama?"

"Mtama siwezi kulala juu yake."

"Na maji je?"

"Maji siwezi kulala ndani yake."

"Na mkuki?"

"Babu, wewe unaweza kulala juu ya mkuki?"

Mtu mmoja akacheka, akajikohoza.

"Na mwaka utakuwaje?" Mtemi akauliza tena, na sasa sauti yake haikuwa ya mtemi, ilikuwa ya mtu mwenye wajukuu na ghala tupu. "Mvua itakuja?"

"Sijui," akasema Gamba. "Mimi ni mtoto."

"Magamba yake yatajua," akasema Lutonja, akasogea.

Gamba akayatazama magamba yake, kwanza ya mkono huu, kisha ya mkono huu. "Mama alikuwa na mengi kuliko mimi," akasema. "Makubwa. Yote yaliungua siku ile, moshi wake ukapanda mpaka juu. Mbona mvua haikuja kumzima?"

Lutonja alifungua kinywa, akakuta hamna kitu ndani. Mtemi Ngelela akanyooka taratibu, akatazama mikono yake kama mtu aliyeshika chungu cheusi cha jikoni bila kujua.

"Moto ule niliuagiza mimi," akasema.

"Mtemi, baba zako nao..."

"Lutonja, rudisha kisu."

"Na mila?"

"Mila ipo. Anayemficha mnyama wa mtemi huvunjiwa nyumba. Sasa huyu mnyama, mimi ndiye niliyemvunjia nyumba kwanza. Ukitaka tufuate mila, anza na kwangu."

Lutonja akakirudisha kisu alani mwake. Mtemi akamgeukia Kalunde. "Mtunze mpaka apone. Akipona, arudi porini kwao. Asifichwe na wewe, asichinjwe na mimi." Kisha akawaambia watu wafungue mizigo. Wakafungua. Yule mkwe alifunguliwa mwisho, maana watu walikuwa wamezoea utulivu.

Mvua? Ilikuja, ilipotaka. Ilikuja kidogo, mtama ukatoka mfupi, watu wakala mara moja kwa siku, wakavuka. Na toka mwaka ule, kabla pori la Isenga halijachomwa, watu hulipita kwanza wakigonga vigae, ko, ko, ko, wenye miguu wakimbie na wenye watoto wawachukue.

Mnadhani imeisha? Iliyobaki ndiyo sehemu ngumu.

Mguu wa Gamba ukapona. Kalunde aliuona umepona, akasema, "Bado kidogo." Ngolo, ambaye sasa alikuwa anatembea nao jioni kulipia vigelegele vyake, akasema, "Mwenzangu, mbona anakimbia?" Kalunde akasema, "Bado kidogo." Gamba akawa mkubwa, pindo la nguo likachanika kwa uzito wake, akaanza kuvunja vichuguu kwa kucha zake mwenyewe kabla jembe halijafika. Kalunde akasema, "Bado kidogo."

Jioni moja Gamba aliimba:

*Mama wa udongo, nitembeze,*
*Mchwa wameamka, nitembeze.*

Akanyamaza.

"Na mstari wa tatu?" Kalunde akauliza.

"Hauumi tena."

"Imba tu. Ni wimbo."

"Mama," akasema Gamba, "hauumi."

Kalunde akasimama njiani. Ngolo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakusema neno.

Kesho yake hawakugeukia shimo la udongo. Walipita mbali, ng'ambo ya mahali palipoungua, mpaka penye msitu ambao moto haukuwahi kuuona. Nyasi zilikuwa ndefu, vichuguu virefu kuliko mtu. Kalunde akaliondoa pindo lake kwenye kucha za Gamba, ukucha mmoja mmoja. Alikuwa amepanga maneno mengi. Alikuwa ameyapanga usiku kucha, mazuri, ya kumfaa mtoto safarini. Likatoka moja.

"Utanikumbuka?"

Gamba alikuwa amekwisha kuinua pua.

"Mama," akasema, "nasikia mchwa."

Akaenda, kwaru, kwaru, kwaru, nyasi zikafunguka, nyasi zikafunga.

Kalunde akabaki amesimama mpaka sauti ikaisha. Kisha akalia, kisha akapenga kamasi, kisha akamwambia Ngolo, "Twende, nina njaa." Na jioni iliyofuata, jua lilipoanza kulegea, miguu yake ilimtoa mlangoni yenyewe. Ngolo alikuwa anamngoja njiani.

Basi, ndugu zangu, fundisho ni hili: ukimwokota aliyeumia, mshike kwa mikono miwili, na vidole uviache vilegee. Malipo yake huyapati siku anapoondoka; ulikuwa unayapata kila jioni na hukuyahesabu. Aliyeokota kwa kutaka pete aende kwa sonara.

Moto wangu nimeuzima, majivu nawaachia. Anayetaka kaa achukue akawashe kwake. Na mkisikia hadithi hii kwingine imesimuliwa vizuri zaidi, msimulizi huyo ni mwongo, mimi ndiye niliyekuwapo, nilikuwa yule mkwe.

"Mjomba," akasema yule binti, "kwani Gamba hakurudi kabisa? Hata kumsalimia?"

Nikajikohoza. Mnajua tena mtu wa safari, neno tamu halinikauki. Nilikuwa karibu kumrudisha Gamba, na mke, na watoto watatu wa magamba, waje mlangoni kwa Kalunde jioni moja yenye mawingu mekundu. Lakini Bi Nyanzobe aliniwahi. Akatikisa maganda ya maharage kwenye nguo yake, akainuka.

"Amepona," akasema. "Arudi kufanya nini?"